Mate ya Hinde

Daktari Nachman Eidelberg alikuwa na pafu moja zima na sauti ya mtu mwenye matatu. Alitoka Minsk akikohoa damu kama sisi, akapona hapahapa katika hospitali ya kifua kikuu vilimani Denver, ndiyo maana alituamrisha bila haya. Madirisha wazi hata theluji ikianguka. Maziwa, mayai mabichi, kulala barazani. Na sheria moja isiyo na mjadala: atakayetema mate nje ya kopo lake atafungasha virago siku hiyohiyo.

Havikuwa vitisho vya bure. Mwaka uliotangulia alimfuma kaka yangu Leyzer, mwokaji mikate, akitema sakafuni katika wodi ya wanaume, akampandisha treni ya kurudi New York. Leyzer alifariki kabla ya Pasaka katika chumba kisicho na dirisha. Mimi nilibaki, nikanywa maziwa ya daktari, nikanenepa, nikamchukia kila asubuhi alipoweka sikio lake mgongoni kwangu.

Asubuhi ninayoisema alikuwa kwa Hinde, mshona vifungo, aliyemwacha mwanawe mdogo New York kwa dada yake. Alimsikiliza kifua, akanyanyuka, akatangaza kama mnadi sokoni.

"Pafu la kulia linafunga kidonda. Mtazameni huyu, mashavu yamejaa, anang'aa. Ukitulia hapa mpaka majani yaanze kupukutika, Hinde, utarudi kwa mwanao ukiwa mzima kabisa."

Kwetu Wayahudi mtu hasifiwi hivyo. Ukimsifia mbele za watu unamwitia jicho baya, na yeye hutema upesi mara tatu kulifukuza kabla halijatua. Hinde hakufikiri. Tfu, tfu, tfu, sakafuni, pembeni ya kiatu cha daktari.



"Mdomo umeniponza," Hinde akasema. Akainama, akavuta kapu lake chini ya kitanda, akaanza kukunja gauni. Sote tulijua akirudi sasa kwenye vumbi la cherehani, pafu lile litafunguka tena na mtoto atabaki yatima.

"Daktari, fanya kama hukuona," alisema Mama Shprintse wa kitanda cha jirani. "Humu sote vipofu."

"Mimi macho ninayo, mama."

Na mimi nilikuwa nayo. Nilimpenda Hinde, nilitaka abaki. Lakini akisamehewa yeye, kaka yangu alifia nini? Moyo wangu ulitaka yote mawili, na niliuonea aibu.

Daktari alikwenda dirishani, akarudi.

"Hinde, rudisha kapu. Mama yangu angekuwepo angenizaba kofi. Namsifia mtu hadharani kama nauza farasi, halafu nashangaa akitema?"

Wanawake wakacheka kwa ahueni. Mimi sikucheka.

"Na Leyzer je?" nikauliza.

Daktari akanigeukia.

"Frume," alisema.

"Alikueleza. Mwenzake alimwambia amerudiwa na rangi usoni, akatema. Kama huyu tu. Ukamjibu nini?"

Angeweza kuniambia ninyamaze. Angeweza kusema kaka yangu alikuwa mgonjwa sana, hata hivyo angekufa. Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu yote hayo.

"Nilimwambia aache ujinga wa kijijini," alisema, kwa sauti ileile ya wodi nzima kusikia. "Nilijiona daktari wa Amerika. Nilijua kwa nini ametema, Frume, nilijua vizuri, na nikamfukuza. Kaka yako nilimuua mimi. Siwezi kumlipa kwa kumuua na huyu."

Hakungoja jibu. Alichukua ndoo ya dawa ya kuulia vijidudu mlangoni na kitambaa, akapiga magoti katika koti lake jeupe, akaanza kusugua. Alisugua vibaya, kama wanaume wote, akiyasambaza mate badala ya kuyakusanya.

Nikatupa blanketi, nikashuka.

"Rudi kitandani," alisema bila kuinua kichwa. "Hujaruhusiwa kusimama."

"Nifukuze."

Nikapiga magoti mbele yake, nikashika upande wa pili wa kitambaa. Alisogea kunipisha, tukasugua, na nilikuwa nalia, naye alikuwa analia.