Kipande Kilichobaki cha Jiwe la Buluu

Jumanne ile mumewe alitoka nyumbani buheri wa afya, na kufikia adhuhuri moyo wake ulikuwa umesimama mlimani. Wenzake walirudisha koti lake. Mfukoni mlikuwa na jiwe la buluu iliyofifia, lisilozidi kidole gumba.

Alikuwa mtaalamu wa miamba. Miaka kumi na miwili alishikilia kwamba mlima ule ulitoka baharini, na wenzake wakamcheka waziwazi. Jiwe hilo lingemaliza ubishi, lakini rangi peke yake haitoshi. Sharti likatwe, kipande kigandishwe kwenye kioo na kusagwa kiwe chembamba mpaka mwanga upenye. Wenzake walipanda tena mara mbili kutafuta jingine, wakaambulia patupu.

Mjane akalipeleka kwa fundi wa maabara, aliyefanya kazi na marehemu tangu wote wana nywele nyeusi.

"Nitakata upande mmoja tu, shemeji. Linalobaki utaweka kabatini."

Alhamisi moja akamwita. Mjane alimkuta amekaa, anatazama mikono yake.

"Nimeharibu, shemeji. Nilikuwa nasaga huku namuwaza. Kuinua kioo, jiwe limekwisha, kioo kitupu. Kosa hili niliwahi kulifanya mara moja tu, siku aliponichekesha."

"Alikuchekesha kwa kusema nini?"

"Kwamba ulimkubali kwa sababu ya vile viatu vyake. Ulidhani ni mwanajeshi."

Mjane akacheka.

Fundi akafungua kiganja. Kilichobaki kilikuwa kama harage. "Nikikisaga hiki, hutarudi na kitu nyumbani. Nikikiacha, wataendelea kumcheka."

"Kwanza niambie, lilipataje buluu? Alinieleza mara nyingi, mimi nikawa nakuna nazi tu, sisikilizi."

"Lilizama na sakafu ya bahari, ikisukumwa chini ya nchi kavu, kilomita thelathini hivi. Likabanwa vibaya sana. Lakini sakafu ile ilikuwa ya baridi na ilizama upesi, joto la chini halikuwahi kulishika. Mbano mkubwa, joto dogo, ndiyo hiyo buluu. Halafu likapandishwa mapema. Lingekawia huko, joto lingeligeuza kijani, wala tusingejua."

"Kumbe lenyewe liliwahi kurudi."

"Liliwahi, shemeji."

Mjane alikigusa kile kipande kwa ncha ya kidole.

"Lisage. Ila usimuwaze."

"Hilo siliahidi."

"Basi muwaze ukishazima mashine."

Akakaa kwenye stuli akisikiliza mkwaruzo, mpaka fundi alipoweka kioo chini ya hadubini na kumpisha atazame. Fundi alikizungusha kidogokidogo. Buluu ikaingia zambarau, ikarudi buluu.

"Ndiyo yenyewe?" aliuliza, jicho bado kwenye hadubini.

"Ndiyo yenyewe. Buluu inayogeuka hivi ni ya sakafu ya bahari iliyozama. Alisema kweli."

Kioo hicho sasa kiko kwenye droo ya maabara, kina namba na jina la marehemu. Wanafunzi hukitazama kila muhula. Nyumbani hakuna jiwe.