Viatu Saba vya Mguu wa Kushoto

Viatu vya watu navishona upesi. Ukiniletea soli iliyoachama, naipaka gundi, naigonga nyundo tatu, nakwambia nenda zako. Wateja wananisifu, masikini, hawajui kwamba siwajali. Ninachokipenda ndicho kinachonishinda.

Binti yangu alizaliwa na mguu wa kushoto mfupi, umepungua urefu kwa upana wa vidole viwili. Alipofika miaka sita, daktari wa mifupa alitaka ashonewe kiatu chenye soli nene, akivae kila siku mpaka amalize kukua, la sivyo nyonga na mgongo vitapinda. Nilivimba kichwa. "Daktari," nikamwambia, "hapo umefika kwa mwenyewe."

Cha kwanza nilikimaliza kwa wiki moja. Mke wangu alipiga vigelegele. Mimi nikakigeuza huku na huku, nikaona mshono mmoja umekwenda upande. Mtoto wa fundi avae kitu kama hicho, watu waseme nini? Nikakiweka rafuni.

"Baba, mbona kimenitosha?"

"Haraka haraka haina baraka, mama. Subiri kidogo."

Cha pili, ngozi ilikuwa na kovu la kupe, dogo kama punje ya ufuta. Cha tatu, soli ililia alipokanyaga. Nilikifumua kila kimoja na kukishona upya mara mbili, mara tatu, na nilipokuja kuridhika nusu, mguu ulikuwa umeshakua. Nikapima tena, nikaanza tena. Yeye akaendelea kwenda shule na malapa, anachechemea.

Siku moja mama yake alimvisha cha nne kwa siri. Nilimkuta uani anatembea wima, anacheka peke yake. Nikamvua. Kisigino kilikuwa hakijasuguliwa vizuri.

"Mtoto anataka kutembea," mke wangu alifoka, "wewe unataka maonyesho! Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Nilimjibu kwamba hajui kazi. Nilikuwa na hasira ya kweli, maana nilijiona mimi ndiye ninayempenda mtoto kuliko wote.

Jana tulirudi kwa daktari, binti ana miaka kumi na mitano. Aliitazama picha ya mifupa muda mrefu. Nyonga imepinda, mgongo umeifuata, na kiatu hakitasaidia tena.

"Miaka yote hii mlikuwa wapi?" aliuliza, wala hakupandisha sauti.

"Nilikuwa kazini," nikasema.

Nimemharibu mwanangu kwa mikono hii hii inayosifiwa, na hakuna mwingine wa kumlaumu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tulipofika nyumbani, binti aliviteremsha viatu vyote saba kutoka rafuni, akavipanga sakafuni kuanzia kidogo hadi kikubwa. Akaokota kile cha kwanza. Kilienea kiganjani mwake.

"Baba, hiki kilikuwa na kasoro gani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua tu. Nikavaa miwani, nikaenda nacho dirishani, nikaufuata mshono kwa ukucha, tundu kwa tundu, nikazunguka kiatu kizima, kisha nikazunguka tena.

Sikuiona.

Nilipogeuka, alikuwa bado amesimama ananisubiri, ameegemea meza.