Somo la Kuinamisha Macho

Nawafundisha watu kuigiza katika chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri mjini Migori. Kabla hujanipongeza, ngoja kwanza nikueleze nilichomfanyia Mama Bravin.

Mimi ni Nyangi, Mkuria wa upande wa Kehancha. Kwa miaka kumi nilizunguka shule za sekondari na kundi la kuigiza vitabu vya mtihani, leo malkia, kesho mlevi, mpaka kundi likavunjika nami nikabaki na sauti tu. Nikafungua darasa. Wanaokuja kwangu ni wahubiri wanaotaka kuonekana kwenye runinga, vijana wa video za mtandaoni, hata bwana harusi mmoja aliyeiogopa hotuba yake mwenyewe. Wote huwa nawaambia neno moja: mwili ukijifanya hauogopi, moyo nao hufuata. Si uongo. Nimeliona likitokea mara nyingi, na ndiyo maana linaniuma.

Dorah, ambaye watu walimwita Mama Bravin, aliletwa kwangu na wanawake wenzake watatu wa kikundi chao, kutoka ufuo mmoja wa upande wa Karungu. Alikuwa mjane, mchuuzi wa samaki. Shirika fulani la Nairobi lilikuwa limewaahidi kwamba litatengeneza filamu fupi juu ya wanawake wa ziwani. Wangewarekodi wanawake wa fuo kadhaa, kutoka Karungu mpaka Mfangano, kisha wachague mmoja, na huyo mmoja angepewa boti ya kuvulia, yeye na kikundi chake. Wenzake walimteua Dorah kwa sababu hadithi yake haikuwa na doa. Tatizo ni kwamba akielekezewa hata simu usoni, alikauka kama dagaa za omena juani.

Hadithi yenyewe ni hii. Kwenye zile fuo, mwanamke hapati samaki kwa pesa peke yake. Kuna wavuvi wanaotaka kulala naye kwanza ndipo wamuuzie, na mvuvi wa namna hiyo huitwa jaboya. Wengi hukubali, maana watoto hula kila siku. Dorah alikataa kwa miaka saba. Alinunua mabaki, zile omena zilizovunjika ambazo wenzake walizipita, na kwa omena hizo akamsomesha mwanawe Bravin hadi chuo huko Kisumu. Ufuo mzima ulijua kwamba hajawahi kununua samaki kwa mwili wake. Hakuwa na mali nyingine ila jina hilo.

Tulifanya mazoezi wiki sita, kila Jumapili, kwa sababu Jumamosi yeye ni mtu wa kanisa la Sabato. Tulianza na pumzi. Nilimsimamisha alitaje jina lake mbele ya ukuta, kisha mbele ya dirisha, kisha mbele yangu, na siku ya kwanza alipofika kwangu jina likamkwama kooni. Nilimkaripia. Mimi si mwalimu mpole, na aliyekuja kubembelezwa aende kwa mama yake. Wiki ya tatu akacheka akiwa anazungumza, nikajua mlango umefunguka. Wiki ya nne akaja na habari kwamba mvuvi mmoja alimmwagia samaki walioharibika kwenye karai lake, naye akamwambia mbele ya watu wote awatoe mwenyewe, mmoja mmoja. Yule mwanamume akawatoa. Dorah alinisimulia haya akiwa ameshika kiuno, na sina haja ya kuficha kwamba nilivimba kichwa.

Siku hiyo ndipo alinieleza kwa nini aliitaka ile sauti kuliko hata boti. Huko kwao mwanamke hapandi boti ya kuvua. Ukiuliza sababu, wanakwambia nyavu zitarudi tupu. Kwa hiyo mwanamke mwenye boti huajiri wanaume, huwasubiri nchi kavu, na huko majini wao wakiamua kuwauzia wenzao samaki na kurudi na visingizio, hana shahidi. Silaha yake ni kuheshimiwa tu.

"Boti wanaweza nipa, Mwalimu," alisema. "Lakini hao watu wa boti wataniskiza tu kama wananiogopa kidogo."

Siku ya kurekodi nilikwenda naye Karungu. Mwelekezi wa filamu aliitwa Tony, kijana mwenye adabu, nasema hivyo ili usidhani alikuwa shetani. Dorah alisimama kando ya maji, akaitazama kamera kama mtu anayemtazama shemeji aliyechelewa, akasema kila kitu: walivyomwomba, alivyokataa, alivyokula ugali mkavu kwa ajili ya kukataa. Hakurudia sentensi hata moja. Wanawake wa kikundi walipiga vigelegele hadi wakaombwa wanyamaze.

Tony alinivuta kando. Akaniambia mama anaongea vizuri mno, tena hapo ndipo penye shida, maana anaonekana kama mgombea kiti. Atakayeitazama filamu hatamhurumia, na asipomhurumia hatatoa kitu. Jana yake walikuwa wamemrekodi mwanamke wa Mfangano aliyewaliza wote. Akauliza kama mwanafunzi wangu angeweza kuwa mdogo kidogo, ainamishe macho, sauti ishuke, aigize kana kwamba siku moja alimwomba mvuvi. Kisha, kana kwamba amekumbuka tu, akasema jina langu litaandikwa mwishoni kama mkufunzi, na kuna filamu nyingine tatu zinakuja.

Ningependa kusema kwamba nilifikiri sana, lakini sikufikiri. Kwa miaka yote ile jina langu halikuwahi kuandikwa popote isipokuwa kwenye ubao wa shule, kwa chaki, nalo lilifutwa jioni. Nikarudi kwa Dorah, nikamtungia maneno papo hapo, nikamwonyesha namna ya kuyasema: karai tupu mkononi, mabega chini, macho kwenye mchanga.

"Naomba tu, baba. Chochote unataka, nitafanya."

"Mwalimu, mimi sijawahi sema hivyo. Kwa hii maisha yangu yote, sijawahi."

"Ni kuigiza tu, Mama Bravin. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Na watu wa kwetu wakiona?"

Nilimwambia watu wanajua kuigiza ni kuigiza. Nilimwambia wenzake watatu wako pale wanaisubiri boti, awatazame machoni awaambie ameikataa kwa ajili ya maneno mawili. Hilo la pili ndilo lililomshinda. Akachukua karai. Na kwa kuwa nilikuwa nimemfundisha vizuri, kwa kuwa sasa mwili wake ulitii chochote alichouambia, alilifanya mara moja tu, bila kosa. Sijawahi kumwona mwanafunzi akiigiza vizuri namna ile. Wale wanawake watatu waligeuza nyuso, na Tony akavua miwani akaifuta.

Boti ilikuwa yake. Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza katika ukumbi wa hoteli Homa Bay, na wageni wakasimama kupiga makofi. Ile hotuba yake ya kukataa ilikuwa imekatwa yote. Kilichobaki ni karai, mchanga na yale maneno yangu, halafu maandishi meupe, na jina langu likiwa miongoni mwake. Mimi nilipiga makofi na wageni. Dorah alikuwa amekaa kando yangu na mkoba magotini, hakupiga.

Kilichofuata nilikisikia vipande vipande. Filamu iliingia kwenye simu za watu kabla boti haijapakwa rangi. Nahodha ambaye Dorah alimwajiri, mtu mzima aitwaye Elijah, alimheshimu wiki mbili. Baadaye boti ikawa inarudi na mbuta wawili, watatu, huku boti za jirani zikijaa. Dorah akashuka ufuoni, akasimama kama nilivyomfundisha, akavuta pumzi, akamwuliza Elijah samaki wako wapi. Elijah akainamisha kichwa, akalegeza mabega, akamjibu kwa sauti nyembamba ya kike, "Naomba tu, baba. Chochote unataka, nitafanya." Wanaume wakacheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye mchanga.

Tangu siku hiyo hakuna neno alilosema pale ufuoni lililojibiwa kwa maneno mengine ila hayo. Wanawake nao, wale wenye majaboya, walianza kumwambia kwamba miaka yote aliwadharau bure, kumbe walikuwa kitu kimoja. Wale wenzake watatu walijua ukweli, nao walinyamaza, kwa sababu boti ilikuwa yao pia na waliogopa kunyang'anywa. Bravin aliiona video kwenye simu ya mwenzake huko chuoni. Akampigia mama yake kumwuliza swali moja, na tangu hapo hajapiga tena.

Mwezi uliopita alikuja darasani. Nilikuwa na wanafunzi watano, nikawaambia watoke. Akasema hakuja kugombana. Amekiachia kikundi boti, kikundi kimemkodishia Elijah, naye sasa anauza mahindi mabichi ya kuchoma hapa hapa Migori, karibu na soko, ambako hajulikani sana. Alisema hayo yote akinitazama usoni, sauti imetulia, bila kukwama mahali. Nilikuwa nimemtengeneza mtu kamili, na sasa Dorah hakuwa na pa kumpeleka mtu huyo.

Nilitaka kujitetea. Nilianza kusema kwamba wenzake wote waliitaka ile boti, kwamba Tony ndiye aliyeomba, na katikati ya maneno nikaona aibu hata mimi mwenyewe. Nikamwambia nimemkosea. Nikamwambia nitakwenda ufuoni, nitasimama mbele ya watu, niseme kwamba yale maneno ni yangu. Akaniuliza nani ataniamini, mwalimu wa kuigiza. Hapo nikalia. Nililia vibaya, kwa kelele, kama ambavyo sijalia tangu nimzike mama yangu.

Dorah alingoja. Hakunishika bega wala hakuondoka. Alinitazama kwa makini, kama mnunuzi anayekagua samaki kabla ya kutoa pesa.

"Hayo ni ya ukweli, Mwalimu, ama ni ya darasa?"

Nikamwambia ni ya kweli. Nikaapa kwa jina la mama yangu.

Akaitikia kwa kichwa, bila hasira yoyote. "Sawa," akasema. "Hata mimi kwa hiyo video nilikaa tu hivyo, kama ni ya ukweli."

Akachukua mkoba wake, akawafungulia wanafunzi mlango, akawaambia waingie, mwalimu yuko tayari.