Ndevu za Mahrokh

Kwao Yazd, mji wa Iran, msichana hakutolewa nywele za usoni kwa uzi mpaka arusi yake ikaribie. Mahrokh aliota ndevu akiwa na miaka kumi na sita, nyeusi tii, na kila alipolia mama yake alimwambia, "Vumilia, mwanangu. Siku ya arusi yako nitakutoa ndevu hizi mwenyewe, kwa mkono wangu." Wachumba walikuja, wakanywa chai, wakamtazama, wakaaga. Hakuna aliyerudi.

Mama alipofariki, Mahrokh alimaliza arobaini, akavua nguo nyeusi, akaenda moja kwa moja kliniki ya leza, wanakoondoa nywele kwa mwanga. Alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Parnian, binti anayeshika mashine, alimwinua kidevu kwenye taa. "Ngozi yako nyeupe, mama, ingefaa kabisa. Lakini nywele zimeshakuwa mvi. Mwanga huu unafuata weusi wa unywele. Mvi hauzioni, unapita tu."

"Jaribu hivyo hivyo."

"Nijaribu nini, mama yangu? Hata nikikumulika mwaka mzima, hautang'oka hata mmoja. Ungekuja zikiwa nyeusi, saa hizi uso ungekuwa laini kama yai."

"Nyeusi nilikuwa nazo," Mahrokh alisema. "Miaka na miaka nilikuwa nazo."

Parnian akacheka, bila ubaya. "Sasa miaka yote hiyo ulikuwa unangoja nini?"

Mahrokh alivuta ushungi wake, akaufunga mpaka juu ya kidevu.

"Arusi," alisema.