Mama Casilda Hakuzaa

Treni ya watalii iliondoka Campeche asubuhi ikiwa imechelewa kidogo tu, na wafanyakazi wake wakapongezana. Ilikuwa siku ya mwisho ya Oktoba. Katika behewa la pili kiyoyozi kilikuwa kikali kiasi kwamba watu waliovuka bahari kutafuta joto walikaa wamejifunika taulo za kuogea. Eleuterio Huchim, mwongozaji wao, alisimama mbele na kipaza sauti, akawaeleza choo kiko wapi, maji ya kunywa yako wapi, na historia ya Wamaya, kwa mpangilio huo.

Treni ilipopita kijiji cha Sahkabil haikusimama, maana Sahkabil hakuna stesheni. Kulikuwa na makaburi, na sasa hata hayo hayapo, reli imepita juu yake. Mama yake Eleuterio alipanda hapo, kama kila siku. Hakutumia mlango. Kiti cha dirishani katika safu ya mwisho kilikuwa kitupu, kisha hakikuwa kitupu.

Wilberth Cocom, mkaguzi wa tiketi, alimfikia kwa zamu yake.

"Shikamoo, Mama Casilda. Tiketi?"

Siku nyingine zote mama alimjibu kwamba amekufa, naye Wilberth alimjibu kwamba anajua, alibeba jeneza, lakini wafu hawajawekewa punguzo. Kisha alitoboa hewa kwa koleo lake la tiketi na kuendelea na safu nyingine. Leo Mama Casilda alimtazama viatu, akapandisha macho taratibu hadi usoni.

"Wewe ni wa nani?"

Wilberth alitoboa hewa, akatembea hadi mbele ya behewa.

"Kaka, mama yako kaniuliza mimi ni wa nani. Mimi! Niliyekuwa nikimwibia mapera yake, akanifukuza na ufagio mpaka kanisani."

"Amechoka," alisema Eleuterio.

"Wafu hawachoki, Lute. Wanasahau."

Eleuterio aliubonyeza mfuko wa kitambaa uliokuwa ukining'inia begani mwake, kuhakikisha kilichomo kimo.

Watu wa Sahkabil huwaogesha wafu wao. Kila mwaka, kabla ya siku za wafu, hufungua visanduku vya mbao, hutoa mifupa, huisugua kwa brashi, huianika juani, kisha huifunga katika kitambaa kipya kilichotariziwa jina. Maiti asiyebadilishwa nguo hulazimika kutembea mitaani na nguo za mwaka jana, na majirani husema, maana majirani husema hata baada ya kufa. Halafu tarehe mosi Novemba wafu wakubwa, waliokufa wakiwa watu wazima, huja nyumbani kula. Hula utamu wenyewe na kuacha chakula. Kesho yake walio hai hula kilichobaki, ambacho hakina ladha kabisa, na kadiri kisivyo na ladha ndivyo familia inavyofurahi.

Miaka mitatu iliyopita Eleuterio alianika mifupa ya mama yake juu ya ukuta wa makaburi. Kitambaa kipya kilikuwa hakijakamilika. Dada yake, Obdulia, alikuwa kwenye herufi ya mwisho ya jina, na Obdulia hajawahi kuharakishwa na mtu yeyote, hata na uchungu wa kuzaa. Eleuterio akaenda nyumbani kukifuata. Juu ya mifupa aliacha jiwe dogo la kijani, ambalo mama alilikuta shambani kwake akipalilia mahindi na kulitumia kama kifungo cha gauni maisha yake yote. Aliliacha ili mama asijione yuko uchi kabisa.

Asubuhi hiyohiyo mafundi wa reli walikuwa wamekuta mifupa ya kale chini ya ukuta, na lori lilikuwa likipakia. Mfupa hauna uso. Eleuterio aliporudi na kitambaa mkononi, alikuta lori limeondoka, umebaki ukuta tu, nao ulikuwa bado wa moto.

Wataalamu waliliona lile jiwe la kijani wakafurahi sana. Mama Casilda akapewa karne kumi na mbili, kabati la kioo katika makumbusho ya magofu ya Xkanal, na jina, Bibi wa Jiwe la Kijani. Uso wake, kama walivyoukisia, ulichorwa ubavuni mwa treni, kwenye chupa za maji na kwenye ndala. Kijitabu cha makumbusho kilieleza kwamba alikuwa wa ukoo wa kifalme, alikufa kijana, na hakuzaa. Kwa kweli alikufa mzee, kwa kisukari, akiwa na watoto wawili na ugomvi ambao haujaisha kuhusu bata mzinga wa jirani.

Mwaka wa kwanza alicheka. "Hakuzaa!" alikuwa akisema kutoka safu ya mwisho. "Na wewe nilikuokota wapi, mpumbavu wangu? Kwenye gunia la mahindi? Nyosha kola." Lakini Eleuterio alilazimika kuyasema maneno yale kila siku, mbele ya mifupa yenyewe, kwa kipaza sauti, na maneno ya kipaza sauti huingia. Mama alianza kwa kusahau ugomvi wa bata mzinga, na Eleuterio akashukuru. Kisha akamsahau mumewe. Kisha jina la Obdulia. Akaanza kukaa wima, mikono juu ya magoti, na kuwaita abiria watu wangu.

Alfajiri ya leo Obdulia alikuwa amemtia Eleuterio kile kitambaa mfukoni, huku mkono wake mwingine ukikanda unga wa mahindi. Alikuwa akiandaa mkate mkubwa wa kuku unaofukiwa shimoni, na moshi ulikuwa umemtoa machozi mapema, akawa hahitaji mengine.

"Mvalishe leo. Kesho ni siku ya wakubwa. Asipokuwa na jina hataujua mlango."

"Dada, watanifukuza kazi."

"Bora wakufukuze. Umeajiriwa kumkana mama yako kwa kipaza sauti."

"Na tutakula nini?"

"Basi mkane. Lakini kwanza mvalishe."

Xkanal kulikuwa na jua. Watalii walipanda ngazi za hekalu kwa mikono na miguu, wakashuka kwa makalio. Mijusi mikubwa ya magofu, ambayo haijapata kuonekana ikifanya kazi yoyote, iliwatazama kama wamiliki wa nyumba wanavyowatazama wapangaji. Eleuterio alieleza mahali pa kutazamia nyota, mahali pa kuchezea mpira na mahali pa kununulia ndala. Mama yake alitembea nyuma ya kundi akiwaitikia watu kwa kidevu.

Mbele ya kabati la kioo Eleuterio alivuta pumzi.

"Huyu ni Bibi wa Jiwe la Kijani," alisema. "Alizaa. Watoto wawili, wa kiume na wa kike. Wa kike anatarizi vizuri sana."

Bwana Hoekstra, mfamasia mstaafu kutoka Uholanzi, aliinua mkono. Alikuwa mtu mwenye adabu.

"Samahani. Kijitabu kinasema hakuzaa."

"Kijitabu kimekosea, bwana."

"Kijana," alisema Mama Casilda, ambaye alikuwa amesimama kando ya Bwana Hoekstra akilitazama fuvu lake mwenyewe. "Kijitabu kimeandikwa na watu waliosoma. Sikuzaa. Ningezaa ningejua."

Watalii waliitikia kwa vichwa. Si makumbusho yote ambamo mhusika mwenyewe hupatikana kuthibitisha. Bwana Hoekstra alimshukuru, na mke wake akaomba kupiga naye picha.

Eleuterio alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mama," alisema. "Mama, ni mimi. Lute. Uliniogesha kwenye karai la bluu."

"Kijana, watu wanasubiri," alisema mama, bila ukali.

Kweli walikuwa wakisubiri. Eleuterio alisema, "Samahani. Hakuzaa," akawaachia muda wa kununua ndala, akakimbia.

Daktari Rosaura Montalvo, mkuu wa makumbusho, alikuwa ofisini akila chungwa kwa pilipili. Eleuterio alipiga magoti. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, na suruali yake ikalowa.

"Daktari, nifungulie kabati. Nimfunge kitambaa tu, nimalize. Sitamchukua. Naapa sitamchukua."

"Inuka, Eleuterio, unalowa. Mimi najua ni mama yako."

"Unajua?"

"Ameniambia mwenyewe. Mwaka wa kwanza nikifunga milango alikuwa akigonga kioo, ananiuliza kama umekula. Nikamwambia umekula. Mara nyingine nilidanganya." Daktari alitema mbegu mkononi. "Siku hizi ananiuliza kwa nini siinami."

"Basi nifungulie."

"Nikifungua, nitaulizwa nimefungua kwa nini. Nikisema kwa nini, huyu si Bibi tena. Treni ina uso wake, ndugu yangu. Chupa zina uso wake. Wakubwa wa serikali walikuja hapa na bendi wakakata utepe. Utawaambia nini, kwamba walimpigia tarumbeta Casilda wa Sahkabil aliyekuwa akiuza tamale za unga wa mahindi?"

"Tamale zake zilikuwa nzuri."

"Nilizila. Najua."

Nje mtu alikuwa akijaribu ndala. Zilisikika zikienda na kurudi.

"Kesho ni siku ya wakubwa," alisema Eleuterio. "Asipopata jina leo hatakuja tena. Si mwaka huu tu. Sina pengine pa kumpata, Daktari. Kaburini mmeshapitisha treni."

Daktari Montalvo alimtazama. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulimsumbua mara kwa mara, kama jino.

"Mwanamke wa usafi kaenda kwao kwa sikukuu," alisema mwishowe. "Kioo kina vumbi. Unaweza kukipangusa. Upande wa nje."

Basi Eleuterio alimwogesha mama yake upande wa nje. Alitoa mfukoni brashi ya nyumbani. Alianza na mifupa midogo ya nyayo, kama inavyotakiwa, akisugua kioo juu ya kila mfupa. Akapanda kwenye miguu, ambayo ilikuwa na goti bovu la kushoto. Akapanda kwenye mbavu, mikono, vidole vilivyofunga tamale kwenye majani. Fuvu aliliacha la mwisho. Alisugua kwa nguvu mpaka brashi ikaanza kumwaga nywele zake, na kwa kuwa hakuwa na maji alitumia yaliyokuwa yakimtoka. Watalii walirudi na ndala zao wakampiga picha. Bwana Hoekstra alivua kofia.

Kisha Eleuterio alikunjua kitambaa. Obdulia alikuwa ametarizi maua mekundu pembeni, na katikati, kwa uzi wa bluu, CASILDA HUCHIM, herufi zote zimenyooka kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Alikitandika juu ya kioo.

Mlinzi alikuja, akangoja kidogo kwa heshima.

"Kaka, kinawazuia watu kuona."

"Dakika moja tu."

"Nimekupa tayari, kaka. Nilikuwa nimesimama pale nyuma."

Alikitoa mwenyewe, akakikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama anavyokunja mtu mwenye mama, akakirudisha mfukoni mwa Eleuterio.

Jioni treni ilirudi na jua upande wa kushoto. Watalii wengi walilala, midomo wazi. Mama Casilda alikuwa kwenye kiti chake, na ilionekana wazi kwamba ameogeshwa. Vumbi lilikuwa limemtoka kwenye nywele, gauni limeng'aa, hata goti bovu alikuwa amelinyoosha. Wilberth alimpita, akatoboa hewa, akamkonyeza Eleuterio kwa furaha.

"Kapendeza! Si nilikwambia?"

Hakuwa amemwambia. Eleuterio alikwenda safu ya mwisho akachuchumaa kando ya kiti.

"Bibi," alisema, maana alikuwa hathubutu tena kulisema neno lile jingine. "Kesho nyumbani kwetu kuna chakula. Mkate wa kuku, wa shimoni. Dada yangu hatii pilipili nyingi. Ni nyumba ya mlango wa kijani, nyuma ya kanisa la Sahkabil, ina mpera uani. Kwenye mpera kuna ufagio umeegemezwa. Karibu sana."

Mama Casilda alimsikiliza mpaka mwisho. Kwa muda mfupi macho yake yalisimama, kama mtu aliyeingia chumbani na kusahau alichofuata.

"Mpera," alisema.

"Ndiyo. Mpera."

"Asante, kijana. Lakini siwezi kwenda kula kwa watu nisiowajua." Alimnyoshea kola, bila kufikiri, akairudisha mikono yake juu ya magoti. "Umenisafisha vizuri leo. Wengine wanapangusa kwa haraka. Wewe ulianza na miguu. Mwambie mama yako amekulea vizuri."

"Nitamwambia," alisema Eleuterio.

Treni ilipita Sahkabil bila kusimama. Kiti hakikuwa kitupu, kisha kilikuwa kitupu. Eleuterio alirudi mbele, akawasha kipaza sauti, akawakumbusha abiria wasisahau vitu vyao.

Siku ya wakubwa Obdulia alitandika meza uani, akaweka mshumaa, bakuli la mapera, na mkate uliotoka shimoni ukiwa bado na harufu ya majani ya mgomba. Kitambaa alikitandika kitini, jina likitazama mlangoni. Mlango wa kijani waliuacha wazi. Wafu wa majirani walipita barabarani na nguo mpya, wakasalimia, wakaenda makwao. Mmoja wao, mwenye bata mzinga, alichungulia akauliza kama Casilda yupo, maana alikuwa na neno la kumwambia. Obdulia alimwambia bado.

Asubuhi walikata mkate. Obdulia alionja kwanza, akaacha kutafuna. Eleuterio akaonja.

Ulikuwa mtamu. Kuku alikuwa mtamu, unga mtamu, pilipili ilikuwa palepale ilipowekwa. Hakuna hata kipande kilichopungua ladha. Walikula wote mpaka ukaisha, kisha Eleuterio akavaa beji yake, Obdulia akamnyoshea kola, naye akaondoka kuiwahi treni.