Mpangaji Asiyeuliza Maji

Majina yote humu nimeyabadilisha isipokuwa langu, Mukonyo, maana langu hakuna aliyelificha. Naandika jinsi nilivyokaribia kumharibia binti yangu kazi kwa kumsifu.

Mimi ni mjane na fundi wa nguo. Cherehani yangu iko barazani, kwenye ploti ya vyumba kumi nyuma ya Dagoretti Corner. Ukikaa baraza moja miaka kumi na minne, mguu unafanya kazi na macho yanabaki bure. Kwa hiyo huangalia. Si umbea. Bwana alisema tukeshe na tuombe, na kukesha ni kwa macho.

Jumatatu moja akaja mwanamume mrefu akasema anatafuta chumba. Alijiita Musembi. Nikafurahi kupata mtu wa kwetu, nikamsalimia kwa Kikamba. Akanijibu, "Asante sana."

Nikasema moyoni, haya.

Suruali yake ilikuwa na mkunjo wa pasi ulionyooka kama rula, ule ambao mtu hujifunza jeshini na hausahau. Funguo za vyumba vitupu mwenye ploti huniachia mimi, nikamwonyesha chumba namba saba. Hakutazama dari. Hakuuliza choo ni cha watu wangapi. Na maji hakuuliza. Jamani, katika Nairobi hii mtu anaweza kusahau kuuliza kodi, lakini maji! Maji huulizwa kabla ya salamu.

Alichouliza ni jirani.

"Hapo kando anaishi nani?"

"Mimi na binti yangu, Kamene."

"Anakunywa pombe? Anapenda vitu vikubwa vikubwa? Hutembea na nani? Kwenu kuna mtu aliwahi kufungwa?"

Hapo nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Kwetu Ukambani, kabla watu hawajaleta mbuzi za ntheo kuonyesha kwamba wanamtaka binti, hutuma mtu kuulizauliza. Nyumba hii ina ulevi? Ina uchawi? Msichana ni mvivu? Aliyetumwa hasemi ametumwa. Atajifanya ananunua kuku. Na mama mwenye akili naye hujifanya haelewi, ila hujibu vizuri.

Kamene ana miaka ishirini na saba na digrii ya hesabu. Kazi ya maana ameitafuta mpaka soli zikaisha, na kwa sasa anamfundisha mtoto mmoja wa Lavington. Nikaona Mungu akikawia kufungua mlango wa kazi, amefungua wa mume.

Basi nikaacha cherehani nikamsifu. Nikasema anaamka saa kumi na moja. Nikasema hajawahi kukosa ibada. Mgeni alikuwa anaandika kwa kijitabu, nikaona nimpe ile sifa kubwa kabisa.

"Na huyu mtoto hana siri hata moja. Kitu kikiingia sikioni mwake, jua halitui kabla hakijafika kwangu."

Kalamu ikasimama. "Kila kitu?"

"Kila kitu. Ni kama redio."

Akafunga kijitabu polepole, uso umemshuka kama mtu aliyefika Kenyatta Market akaambiwa nyama imeisha. Nilidhani ameguswa moyo.

Sasa, mwenye kuchunguzwa naye ana haki ya kuchunguza. Nikamwambia Nanyama, mwenzangu wa kikundi cha maombi cha kina mama. Yeye ni mpishi katika nyumba ile ile ya Lavington, ndiye aliyemtafutia Kamene yule mwanafunzi.

Jumatano, picha ikaingia kwa simu za kikundi chote. Nanyama alikuwa ameipiga kupitia dirisha la jikoni. Chini yake akaandika: "Mama Kamene, ni huyu? Amekuja kwa geti anasema anatafuta kazi ya shamba boy. Anauliza Kamene huongea na nani. Mkono laini kama ya pasta. Nimempea jembe, ameng'oa maua yote ya mdosi na magugu ameacha!"

Dakika sita hazikuisha. Njambi, msusi wa Kenyatta Market, akajibu: "Huyo si bwana ya Namalwa, customer wangu? Anaitwa Joash. Ijumaa bibi yake anakuja kusukwa. Niachieni."

Tukamwachia. Mtu ambaye kichwa chake kiko mikononi mwa msusi hana cha kuficha. Ijumaa saa kumi tukajua kwamba Joash alikuwa mwanajeshi, akatoka, na sasa husema yuko serikalini, mambo ya mbegu.

"Mbegu gani?" Njambi alimuuliza Namalwa.

Namalwa akacheka mpaka rasta ikamponyoka msusi. "Wacha tu. Huyo hata hajui mahindi hupandwa mwezi gani."

Nikaona ukoo huu wa bwana harusi una mambo. Kumtuma mtu ni sawa, lakini kumtuma mwongo?

Jumamosi akarudi, eti kuangalia chumba tena. Nikampa chai na mandazi. Alipoinua kikombe nikamwambia, "Karibu, Joash. Namalwa hajambo? Rasta zimemkaa vizuri?"

Chai ikatokea puani.

"Mama, nani amekwambia..."

"Kina mama wetu wa maombi. Jifute. Kisha uniambie, kijana ni wa nani?"

"Kijana gani?"

"Bwana harusi! Yule aliyekutuma kwa Kamene."

Akanitazama kama ng'ombe aliyeona treni. Halafu akashika kichwa. "Mum, siku hizi zote umefikiria mimi ni mshenga?"

"Kwani wewe ni nani?"

Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akainama mpaka pua ikakaribia cherehani. "Mimi ni wa ujasusi. Mtu akiomba kazi kwetu, mimi ndiye hutumwa kumchunguza. Nimekaa mpakani na wauza ng'ombe miezi saba, hakuna aliyenijua. Miezi saba! Wewe umenijulia wapi?"

"Hukuuliza maji."

Akajipiga paji la uso. "Maji! Si mimi naishi nyumba ya serikali, nafungua tu mfereji."

"Hapo ndipo mnapokosea," nikamwambia. "Mna subira, mna mashine, mnasikia mpaka ng'ambo. Lakini mtungi hamjabeba."

Hakubisha. Alimega mandazi, kisha akasema kwa sauti ya kuhurumia. "Lakini Mama Kamene, huyu msichana umemfungia mlango. Kwa mtihani wetu aliwapita wote. Nilirudi leo kuhakikisha tu. Umesema mwenyewe hana siri, ni redio. Redio sisi hatuajiri. Ripoti inaenda Jumatatu."

Sifa yangu kubwa kabisa! Mtoto amesaga soli miaka yote hiyo, na ni mdomo wa mama yake umefunga mlango.

"Hiyo kazi," nikasema, "aliiomba lini?"

Joash akaweka kikombe chini. "Hajakwambia?"

"Hajaniambia nini?"

"Ni miezi tisa sasa. Amekuja mjini kwetu ofisini mara nne. Mtihani, mahojiano, daktari..."

Ile sketi nyeusi. Mimi mwenyewe niliipunguza kiunoni. Mara nne niliipiga pasi, nikamwombea safari njema, na sikuuliza anaenda wapi. Nilijua mpangaji wa chumba namba tatu atafutwa kazi kabla bosi wake hajajua. Na huyu tunalala chumba kimoja.

"Miezi tisa," Joash akasema polepole, "na huyu mama. Na kile kikundi." Akafungua kijitabu, akakata mstari mmoja, akaandika mwingine mrefu.

Kamene akaingia na mfuko wa nyanya. Akamwona mgeni, akaniona mimi. Uso wake haukutikisika hata kope.

"Mum, huyu ni nani?"

"Alikuja akisema anatafuta chumba," nikajibu. Uongo siwezi. Ndivyo alivyosema.

"Ameuliza maji?" akasema Kamene.

Joash alicheka mpaka akasahau kofia yake. Akarudi mlangoni kuichukua, akaninong'oneza, "Mama, tafadhali, wale kina mama..."

Alhamisi, siku ya maombi, kina mama walikuwa wamefika mapema, wote. Nanyama alikuwa amebeba vipande vitatu vya kitenge tuchague sare.

"Haya, mama ya bibi harusi! Mbuzi zinakuja lini?"

"Haikuwa harusi," nikasema. "Tuombe."

Nikaomba. Niliombea taifa, nikaombea mipaka yote, nikaombea mvua, wajane, na magonjwa ya kuku. Nilipofika kwa mabaharia Njambi alikuwa amelala, na Nanyama alikuwa anakunja kitenge huku akinitazama kwa jicho moja. Hakuuliza tena, lakini namjua.

Kamene alianza kazi mwezi uliofuata. Akiulizwa, husema yuko serikalini, mambo ya mbegu. Uongo siwezi kumfundisha, lakini mbegu si uongo, ni mbegu. Kwa hiyo kila jioni, nikishona, namuuliza maswali. Jana nilimuuliza mbaazi huvunwa lini. Akasema Januari.

Nikamwambia aanze tena, Januari mbaazi bado ni majani. Mkamba asiyejua mbaazi, Nanyama atamshika siku ya kwanza.