Mfupa Ambao Hakuununua

Bi Nukta hakufuga mbwa wala hakupenda supu, lakini kwa miaka mitano alinunua mifupa ya paja kwa muuza nyama aliye mkabala na geti la hospitali. Kazi yake ilikuwa kupima mionzi inayotibu saratani. Jina hilo walimpachika wenzake, kwa sababu hakuridhika na hesabu yoyote mpaka aione tarakimu ya pili baada ya nukta.

Mfupa aliutumbukiza kwenye boksi la maji, akaupiga picha, na kompyuta ikakadiria ni mionzi kiasi gani itakayofika nyuma yake. Kisha aliuweka chini ya mionzi yenyewe, na nyuma ya mfupa akaweka kidude cha kupimia, chembamba kama penseli. Namba mbili zikilingana, moyo wake ulitulia. Kwa kompyuta, nyama ya mtu ni kama maji tu. Taabu huanzia kwenye mfupa. Ukiudhania mwepesi kuliko ulivyo, utaamini mionzi imefika yote, kumbe nyingine imeishia njiani.

Muuza nyama naye alikuwa na mdomo. Siku moja, foleni ikiwa imefika barabarani, alimwona kwa mbali akaita, "Jamani, mpisheni daktari wa supu. Wagonjwa wanangoja mchuzi."

Watu wakacheka. Mama mmoja akauliza kama supu hiyo inalipiwa na bima, wakaangua kicheko tena. Bi Nukta, ambaye hata kuomba chumvi mezani kulimpa tabu, alitazama viatu vyake, akageuka, akaondoka mikono mitupu.

Wiki hiyo ndiyo waliyofungiwa mashine mpya ya picha, na ilipaswa kupimwa kwa mfupa wa kweli. Akajiambia ataenda kesho. Kesho ikawa wiki ijayo, wiki zikawa miezi saba. Kwenye daftari la vipimo, kwenye mstari wa mfupa, aliandika kwa penseli: bado.

Ndani ya miezi hiyo alitibiwa mke wa muuza nyama. Uvimbe wake ulikuwa umejificha nyuma ya taya. Hesabu aliifanya Bi Nukta mwenyewe, mpaka tarakimu ya pili. Uvimbe ukanywea, kisha ukarudi kwa kishindo, na mwanzoni mwa mwaka wakamzika.

Baada ya msiba ndipo Bi Nukta alipojikaza akanunua mfupa, tena soko la mbali wasikomjua. Namba hazikulingana. Jedwali la kompyuta, lile linalogeuza weupe wa picha kuwa uzito wa mfupa, lilikuwa bado la mashine ya zamani. Alipima mara tatu, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko uleule. Kisha akafungua faili la yule marehemu, akakokotoa upya. Nyuma ya taya, mionzi ilipungua kwa asilimia tatu.

"Tatu," daktari mkuu alisema, akivua miwani. "Mdogo wangu, uvimbe ule ungeweza kurudi hata kwa hesabu safi."

"Ungeweza."

"Hakuna atakayejua."

"Ndilo hilo, daktari. Hakuna atakayejua."

Siku hiyohiyo jedwali lilirekebishwa, na waliokuwa katikati ya matibabu wakahesabiwa upya. Waliomaliza wakaitwa mmoja mmoja. Kwa muuza nyama, daktari alitaka iende barua. Bi Nukta akaomba aende yeye.

Alimkuta mchana, wateja wamekatika, anakwangua kigogo cha kukatia nyama kwa kisu.

"Dada, umeadimika."

"Nipo, kaka. Nimekuja kwa ajili ya wifi."

Kisu kikasimama. "Wifi yako nilimchelewesha mimi. Aliniambia taya linauma, nikamwambia ni jino hilo, nikamletea dawa ya kusukutua. Miezi miwili, dada. Kila nikishusha mlango naikumbuka."

Bi Nukta akamweleza yote: mashine mpya, jedwali la zamani, mfupa ambao haukupimwa, ile asilimia tatu. Alieleza polepole, macho yake yakiwa kwenye kigogo.

"Ingefika yote," aliuliza muuza nyama, "angekuwepo?"

"Sijui, kaka. Huenda asingekuwepo. Ila usiibebe peke yako ile miezi miwili. Kuna saba yangu."

Muuza nyama akajifuta mikono iliyokwisha kauka. "Na huo mfupa wa kupimia, si ndio uliokuwa ukiununua hapa?"

"Ndio."

"Sasa kwa nini hukuja? Ungeniita pembeni tu, ningekupa hata bure."

Bi Nukta akakisikia upya kile kicheko cha foleni. Jibu lilimfika ulimini, lote, mpaka tarakimu ya pili. Akamtazama yule mtu usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie, akalimeza.

"Nilizembea, kaka," alisema.

Muuza nyama akatikisa kichwa taratibu. Akatungua paja, akalikata kwa msumeno, akauzungushia mfupa gazeti na kumpa.

"Njoo kila unapouhitaji. Ukikuta foleni, pita mbele."

Bi Nukta aliupokea kwa mikono miwili. Akasimama kidogo mlangoni, akingoja utani. Haukuja.